Kizingiti cha At-Bashy

At-Bashy, 3 Machi 2019

Suyunchu! Suyunchu! Weka zawadi mezani kwanza ndipo uendelee kusoma, maana mleta habari njema hasemi bure: pasipoti yangu imetoka! Ina picha yangu, nimekaza uso kama mkuu wa wilaya. Naja Ujerumani, Uulkan! Naja harusini kwako mwezi wa sita!

Haya, sasa salamu. Hujambo kipenzi cha mama? Florian mchumba wako hajambo? Wazazi wake, Bwana Eckhard na Bibi Heidrun, hawajambo? Sisi wazima. Kaka yako Temir mzima, mkewe mzima, mtoto wao ameota jino la pili na anang'ata kila kitu, hata sikio la paka. Mimi ni goti tu, limenishika tangu Januari. Usiniulize limepatwa na nini, ni goti.

Utasema, mama si ungepiga simu. Simu siitaki. Kwenye simu unasema "niko poa mama" halafu unaganda mdomo wazi, na mimi sijui umeganda kwa mtandao au kwa kulia. Karatasi haigandi.

Kijiji kizima kimekuja kuishika pasipoti, isipokuwa jirani yetu Sabira, ambaye ana sababu zake na aendelee kuwa nazo. Nimewaambia binti yangu ni muuguzi Leipzig, na wazee wa Ujerumani wanakataa kumeza vidonge mpaka aingie yeye. Najua uliniandikia ni mzee mmoja. Nimeongeza kidogo.

Nawaletea zulia la sufu nililoshona msimu wote wa baridi, nyekundu na nyeusi, hakuna mshono wa kujificha. Nawaletea soseji ya farasi. Na kalpak mbili nyeupe, moja ya Florian na moja ya baba yake. Wafundishe mapema: kofia hiyo ya sisi Wakirgizi haiwekwi chini, haikaliwi, haifanywi chombo cha kubebea kitu. Ni kichwa cha mwanamume hicho. Na uniulizie, Bibi Heidrun anapenda kipande gani cha kondoo? Nisije nikamkosea heshima mbele ya watu wake.

Mama yako mwenye pasipoti,
Zuurakan


Leipzig, 29 Machi 2019

Shikamoo Mama,

Hongera sana! Zawadi yako ya suyunchu iko ndani ya bahasha: mbegu za maua ya hapa, panda karibu na dirisha. Nimecheka kuhusu sikio la paka. Mimi mzima, Florian mzima, anakusalimu na anajifunza kusema jina lako. Kwa sasa analisema kama anayepiga chafya. Goti limepatwa na nini?

Mama, soseji ya farasi usilete, wataichukua uwanja wa ndege. Zulia lete. Halafu nataka ujue harusi yenyewe ni ndogo. Tunaingia ofisini, tunatia saini, tunakula chakula cha mchana, jioni kila mtu kwake. Kondoo hayupo. Si kwamba hawakutaki.

Nikuambie jambo, ila usipandishe presha. Jumapili tulikula kwao. Bwana Eckhard akaniuliza, "Enhe Uulkan, kwenu Florian angekuja kukuiba kwa farasi, au siku hizi wanaiba kwa gari?" Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, Mama. Nilicheka kuliko wote. Nilipofika nyumbani ndipo taya likaanza kuuma.

Bibi Heidrun hakucheka sana. Ameona filamu kwenye televisheni, wasichana wetu wanabebwa wakipiga kelele. Tangu siku hiyo ananishika mkono kila nikikaa karibu naye. "Hapa uko salama, mtoto wangu." Nimeishi mji huu miaka minne, nalipa kodi ya nyumba mwenyewe, nazima moto wa jiko lao wanapounguza mafuta, lakini yeye anaona nimeokolewa jana. Kazini mzee wangu wa vidonge ananiita "Mchina mdogo". Msimamizi anasema nawaweza wazee kwa sababu ni utamaduni wetu. Ile miaka mitatu ya masomo sijui aliisoma nani.

Bibi Heidrun akaniuliza wewe na Baba mlikutana vipi. Nikamwambia kama ulivyotuambia siku zote: wakati wa kukata majani ya mifugo, jua kali, Baba akakuletea maji ya mtoni ndani ya kalpak yake. Heidrun akasema, "Vizuri sana." Lakini mimi nilikuwa nimetoka kusoma barua yako. Mama, nani kwetu huchota maji kwa kalpak?

Wako,
Uulkan


At-Bashy, 21 Aprili 2019

Mwanangu,

Wote wazima, mtoto ana meno manne, mbegu nimezipanda. Nimemaliza salamu.

Mwambie huyo Eckhard wako: akuibe kwa farasi? Florian, ambaye uliniandikia anaogopa mbwa wa jirani? Farasi gani huyo atakayemkubali? Mwambie sisi ni watu ambao mgeni akibisha hodi hatumuulizi jina kabla hajanywa chai. Yeye je? Siku ya kwanza ulipokwenda kwake alikupa kipande kimoja cha keki, ukakataa kwa adabu ili akushikilie ule, naye akakiondoa mezani! Uliniandikia mwenyewe, barua ninayo. Ukarudi nyumbani na njaa. Watu wa kipande kimoja cha keki ndio watufundishe utu? Wamewaweka wazazi wao nyumba ya mbali, wamewalipa watoto wa wenzao wawaogeshe, halafu wanakaa kwenye kochi wanatuonea huruma sisi!

Nani anasimamisha hema bila msumari hata mmoja, likacheka na upepo wa malisho ya Ak-Sai? Sisi. Nani anamjua babu wa babu wa babu yake kwa jina? Muulize Eckhard babu wa babu yake aliitwa nani. Atatazama dari.

Na hapa nyumbani nako hawaniachi. Jana nilikuwa dukani, Sabira akaingia, tangu Januari hatusemeshani. Akasema na mwenye duka, ila kwa sauti ya kunifikia mimi:

"Nasikia Wajerumani wamempata binti wa Zuurakan bila hata kuchoma mafuta ya gari. Kajipeleka mwenyewe!"

Nikamwambia, "Ndiyo, kajipeleka, kwa miguu yake miwili. Wewe mwanao mpaka leo hajapata wa kumjia kwa miguu."

Mwenye duka akainama kutafuta chumvi iliyokuwa mbele ya macho yake. Usiniulize kwa nini nilimjibu hivyo.

Kuhusu kalpak: siku hiyo kulikuwa na kiu kali. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Mambo ya majani yana faida gani sasa?

Mimi siji kuonewa huruma. Pasipoti nimeirudisha kabatini, chini ya sukari. Wakitaka kumwona Zuurakan waje hapa, wakae kwenye zulia langu, wale mpaka washindwe kusimama. Harusi iwe kwetu.

Mama yako


Leipzig, 19 Mei 2019

Shikamoo Mama,

Nimechelewa kujibu. Msalimie Temir na mkewe, mbusu mtoto upande usio na meno.

Nilimweleza Bwana Eckhard habari ya keki. Alikuwa hajui! Akawa mwekundu kama zulia lako. Akamwita mkewe, "Heidrun, mtoto alirudi na njaa!" Sasa nikienda wananijazia sahani kama wanamnenepesha kondoo wa sikukuu. Hapo ulishinda.

Lakini utani ukarudi, safari hii kutoka kwa shangazi yake Florian, akiuliza mahari yangu ni ng'ombe wangapi, farasi wangapi. Nikasimama jikoni kwao na sahani mkononi. Nikasema, mama yangu si filamu. Nikasema nimechoka kuokolewa kila Jumapili. Florian akaja kusimama karibu nami, sikumwita. Shangazi akatafuta koti lake.

Bibi Heidrun hakukasirika. Aliniuliza taratibu tu, "Lakini ni uongo?"

Mama, nilifungua mdomo. Milima yote ilikuwa nyuma ya meno yangu, na bibi yangu, na wimbo wa taifa, na wewe na zulia lako. Hakikutoka kitu.

Nakumbuka mazishi ya Baba. Shangazi yangu alilia akisema, "Kaka alimleta mkewe humu akilia, na leo mkewe anamtoa humu akilia." Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikadhani ni maneno ya msiba. Sasa nayasikia kila ninapopiga mswaki.

Ni uongo? Siulizi kuhusu nchi, nchi ni kubwa. Nauliza nyumba yetu. Harusi ya mwezi wa sita nimeisimamisha. Florian anajua na amekubali kungoja. Siwezi kusimama mbele ya watu hawa nikajivunia jambo ambalo mama yangu ananificha. Sitataja siku, ya huku wala ya huko, mpaka unijibu.

Mwanao anayekupenda,
Uulkan


Malisho ya Ak-Sai, 16 Juni 2019

Uulkan,

Tumehamia juu na mifugo. Majani ni mazuri mwaka huu. Majike ya farasi yanatoa maziwa mengi, nimechachusha pipa zima, wapita njia wote wanasema ya Zuurakan hayana mfano. Mvua ya mawe ilitupiga siku moja. Maua yako yameota, mke wa Temir anayamwagilia huko chini.

Barua yako nimeipata. Kalamu inakata wino.

Mama


Malisho ya Ak-Sai, 14 Julai 2019

Uulkan,

Leo natanguliza jambo. Salamu zikipata nafasi zitakuja mwisho.

Si uongo.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, chuo cha ualimu Naryn, mwaka wa kwanza. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa darasa zima, na ukizitazama barua hizi utakubali kwamba bado. Nilikuwa natoka kununua wino, gari likasimama. Baba yako nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye harusi ya watu. Alinipitishia sahani ya nyama, nikasema asante. Basi, ndiyo asante yenyewe hiyo. Wenzake walinishika mikono na miguu. Mmoja nilimng'ata kidole, alama anayo mpaka leo, ndiye anayekutumia salamu kila mwaka mpya.

Wakaniingiza nyumba yetu ile ya At-Bashy. Wanawake walikuwa na kile kitambaa cheupe cha bibi harusi, kikikaa kichwani umeolewa. Wakanifunika, nikakitupa. Wakakiokota, nikakitupa. Asubuhi nikaenda mlangoni, nikashangaa hakuna anayenizuia. Kisha nikatazama chini. Bibi yako, mama wa baba yako, alikuwa amelala kizingitini, kwa ubavu, kama mgonjwa. Unajua kwetu: msichana akimruka mzee, laana inamfuata yeye na watoto ambao hajawazaa bado.

Nikamwambia, "Inuka, mama."

Akasema, "Na mimi nilisimama hapo uliposimama, mwanangu. Hapa alikuwa amelala mama mkwe wangu."

Alikuwa anatetemeka. Sakafu ilikuwa ya baridi.

Mama yangu mzazi alipofika nilikimbia kumpokea, nikidhani amekuja kunichukua. Alikuwa ameleta godoro na sanduku. "Umeshalala humu," akasema. "Kaa."

Sikumruka bibi yako. Nikakaa.

Sasa, kuhusu baba yako. Hakunipiga hata siku moja. Ulipokuwa unakataa kuzaliwa alitembea kwenye theluji akamleta daktari mgongoni mwa farasi, yeye mwenyewe akienda kwa miguu ameshika hatamu. Nilikuja kumpenda, mwaka gani sijui. Lakini chuo hakunirudishia. Alikuwa mtu mwema aliyenifanyia ubaya, na siwezi kumkatakata kama kondoo nikakupa wewe kipande cha heshima, kingine nikakifukia. Hadithi ya majani niliitunga ili wewe na Temir mpate baba mzima. Maji ndani ya kalpak! Ningemaliza chuo ningetunga vizuri zaidi.

Wewe ulipewa jina la bibi yako yule yule. Baba yako alilichagua, na watu walidhani ningekataa. Sikukataa. Nilisema moyoni: acha jina hili siku moja litoke kwa mlango ule, kwa miguu yake, liende mbali.

Hayo umeyapata. Sasa upande wa pili, na huu usimnyime Heidrun hata neno.

Januari hii mwana wa Sabira alileta msichana kwa gari, Jypara, mwanafunzi wa chuo kile kile changu. Nilimsikia akilia ng'ambo ya ukuta. Nilikuwa nakanda unga, nikatoka na unga mikononi. Nikamkuta Sabira amelala kizingitini kwake, na amejitandikia blanketi na mto!

"Sabira, inuka, utaumwa figo."

"Rudi kwako, Zuurakan. Mbona wewe ulikaa? Ulikufa?"

"Inuka nakwambia."

"Niruke uone. Utalaaniwa."

"Basi nilaaniwe mimi, nimeshazaa."

Nikamruka. Ndani wanawake wote walirudi nyuma, sidhani kama walikuwa wamewahi kuona. Nikamwambia yule mtoto, "Panda mgongoni. Wewe hutamruka mtu, nitakayeruka ni mimi." Nikambeba kama mtoto mchanga, nikamruka Sabira mara ya pili, kwenye barafu, mpaka kwangu. Temir alimrudisha Naryn siku ile ile. Ndiyo habari ya goti langu.

Laana nayo imefika: ng'ombe wangu amezaa mapacha.

Basi mwambie Heidrun hivi. Aliyeiba ni Mkirgizi na aliyembeba akamtoa ni Mkirgizi. Filamu yake ilipiga picha mmoja tu. Sisi si watu wa kuonewa huruma. Aibu yetu tunayo, na tunashika wenyewe miguu yake na kuiburuta nje, hatungoji mtu wa Leipzig atuletee kamba. Na nikisema najivunia kwetu, sisemi kwa sababu sijui. Nasema kwa sababu najua, kuliko wote wanaonicheka na wote wanaonililia.

Salamu: wote wazima.

Zuurakan, mama yako


Leipzig, 18 Agosti 2019

Shikamoo Mama yangu,

Nilisoma barua yako nimesimama, halafu nimekaa, halafu sakafuni. Florian alidhani mtu amekufa. Nikamwambia hapana, kuna mtu amezaliwa, ana miaka hamsini na sita.

Sina hasira na wewe. Kwa Baba bado sijui niweke nini. Umenipa mtu mzima na ni mzito, nitambeba polepole.

Niliwasomea, Mama, mezani kwao, kwa Kijerumani, neno kwa neno, hata la figo. Bibi Heidrun safari hii hakunishika mkono. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja, "Goti lake limepona?" Hapo ndipo nilipolia.

Bwana Eckhard alishusha kikombe. Akasema, "Mimi nilifanya mchezo wa jambo ambalo mtu amelipitia kwa mwili wake. Mwambie mama yako nilikuwa mjinga." Akaongeza, "Na babu wa babu yangu nimemtafuta. Aliitwa Gotthelf." Ana furaha kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Wanataka kuja, wote watatu. Shangazi hajaalikwa. Eckhard amesoma mahali kwamba baba mkwe hupewa kichwa cha kondoo, na analala vibaya.

Mzee wangu wa vidonge nilimkatalia kidonge mpaka aseme ninatoka wapi. Sasa ananiita "Mkirgizi wangu" mbele ya wauguzi wote. Analitamka vibaya, lakini kwa kelele.

Harusi iwe kwetu, Mama. Nataka. Ila nikuambie ukweli: naogopa mlango ule. Nilikuwa naupita nikikimbia na mkate mkononi, na sasa kila nikifumba macho namwona mtu amelala pale. Nitaupitaje nikiwa bibi harusi? Taja siku wewe. Mimi nikitaja nitaisogeza tena.

Mwanao,
Uulkan


At-Bashy, 8 Septemba 2019

Mwanangu Uulkan,

Tumeshuka kutoka malishoni, wote wazima na wanono. Mtoto anatembea, jana alitoka nje mwenyewe akamfukuza kuku. Maua yako ya Kijerumani yamechanua rangi ya njano. Watu wanauliza ni nini, nawaambia ni wakwe zangu wametangulia.

Mwambie Heidrun goti linapanda ngazi sasa. Ameuliza swali la mtu mwenye mama, nimempenda. Yeye atapewa mfupa wa nyonga, ndio wa mwanamke mkubwa. Mwambie Eckhard kichwa ni chake na hakikwepeki. Akate sikio ampe mtoto, atafune kidogo shavuni, aseme baraka, ampitishie Temir. Jicho hatumlazimishi. Na kalpak yake inamngoja, akiiweka sakafuni namrudisha Leipzig kwa miguu.

Jypara anakuja kumimina chai. Amefaulu mwaka wake. Mwandiko wake si mbaya, ila wangu unaupita.

Sabira nimemwalika. Usishtuke. Nilimfuata hukohuko dukani, mbele ya watu wote wa siku ile.

"Njoo harusini kwa Uulkan," nikamwambia.

"Nije nifanye nini? Unitangaze?"

"Uje ukae, ule, umtazame msichana anavyoingia nyumbani. Hujawahi kuona. Hata mimi sijawahi."

Akatoka bila kununua kitu. Lakini kesho yake nilikuta ndoo ya viazi mlangoni kwangu, na viazi vya namna ile analima yeye tu.

Sasa mlango. Barua yako niliisoma mara nyingi, kisha nikamwita Temir na msumeno wake. Nikamwonyesha kizingiti. Ule ubao alioulalia bibi yako, na mama mkwe wa bibi yako kabla yake. Temir akasema, "Mama, baridi itaingia." Nikamwambia acha iingie, sisi baridi tunaijua. Akaukata. Ulikuwa mgumu kuliko tulivyodhani, meno mawili ya msumeno yamevunjika. Nimeutia jikoni, nikapikia chai, tukainywa.

Mahali pake pako tupu na laini. Nimetandika lile zulia jekundu na jeusi kuanzia uani mpaka ndani, bila kuvunjika, mtu hajui ni wapi nje inaishia. Utaingia juu yake kwa mwendo wako. Hakuna atakayekushika, hakuna atakayekuburuta, hakuna atakayelala. Kitambaa cheupe kitakuwa kwenye msumari upande wa kulia, karibu na dirisha. Ukikitaka utakichukua mwenyewe. Usipokitaka, kinapendeza pale pale. Mimi nitakuwa nimesimama kando, nimeushika mlango wazi, kwa sababu unapenda kujifunga na upepo.

Waambie wote, wa huko na wa huku, waje na njaa: Jumamosi, tarehe kumi na mbili Oktoba, mchana, jua likiwa bado upande wetu wa mlima.